Kitani cha Lefkara: Wiki ya Kutafuta Kazi za Mikono Kupro

Jumapili, Larnaca

Ndege yangu ilitua jioni, na wifi yangu, aliyetangulia kutoka London, alikuwa ananingoja nje na gari la kukodi. Kupro, au Saiprasi kama wengine tulivyozoea kuiita, haimpi shida mtu wa kwetu barabarani: magari hupita kushoto, na hata soketi za umeme ni za matundu matatu kama za nyumbani. Waingereza walikitawala kisiwa hiki tangu 1878 hadi uhuru wa 1960, na athari hizo zimebaki. Fedha ni euro tangu 2008.

Nimekuja na haja yangu. Ninauza kofia za viua, zile zinazodariziwa vishimo kwa mkono, na mikeka ya ukili mjini Unguja, na mwaka hadi mwaka naona kofia za mashine kutoka nje zikipangwa ubavuni mwa zile za sindano kwa robo ya bei, na mnunuzi hajui tofauti. Kupro kuna kijiji kiitwacho Lefkara ambako wanawake wanadarizi kitani kwa mkono, na kazi yao iliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni mwaka 2009. Nilitaka nione kwa macho yangu wanaishi vipi na kazi hiyo: nani anashona, nani anauza, na bei wanaipangaje.

Wifi yeye kaja kununua tu. Kaniambia tukiwa njiani: "Wewe wifi uliza maswali yote unayoyataka. Mimi nitatoa pochi."

Jumatatu, Larnaca

Tulianza na mtaa wa zamani wa Waturuki, nyuma ya ngome ya pwani. Nyumba ni za chini, zimepakwa chokaa, na baadhi ya milango inaingia moja kwa moja kwenye karakana za wafinyanzi. Vilivyopangwa kwa wingi ni sahani na mitungi yenye picha ya ndege mwenye mabawa ya mistari, au fahali anayenusa ua. Michoro hiyo imetolewa kwenye vyombo vya kale vilivyochimbuliwa kisiwani humu, vyombo vya zaidi ya miaka 2,500. Mfinyanzi mmoja alituruhusu tusimame nyuma yake wakati anachora. Mtungi ulikuwa unazunguka polepole chini ya brashi, naye hakuwa na karatasi ya kunakilia wala alama ya penseli. Jicho la fahali alilitia mwisho kabisa. Nilinunua sahani ndogo yenye ndege, na nilifurahi kumlipa aliyeichora mkononi mwake.

Kutoka hapo tukashuka Finikoudes, barabara ya pwani yenye safu ya mitende, ambako maduka ya watalii yamebanana. Sumaku za friji, sabuni za zeituni, na rundo la vitambaa vya meza vilivyobandikwa karatasi yenye jina la Lefkara. Wifi alikiona cha euro 15 akakipenda. Nilikigeuza. Nyuma nyuzi zilikuwa zimeruka kutoka ua moja hadi jingine, na maua yote yalilingana sawasawa, hakuna lililozidi wala kupungua hata uzi mmoja. Mkono wa mtu haushoni hivyo. Nilimwambia. Akanijibu kwamba meza yake ya jikoni inamwagiwa chai na watoto kila siku, na euro 15 ndizo alizozipangia meza hiyo. Sikuona la kumlaumu. Anayestahili lawama ni aliyebandika karatasi ile, maana kitambaa cha mashine kinaweza kuuzwa kwa jina lake chenyewe na bado kikapata mnunuzi.

Alasiri tulikwenda Hala Sultan Tekke, kando ya ziwa la chumvi, tulikoambiwa amezikwa Ummu Haram bint Milhan, yule sahaba wa kike aliyesafiri na jeshi la kwanza la Waislamu kuvuka bahari, katika karne ya 7, akaanguka kutoka mgongoni mwa nyumbu wake. Kwetu habari zake tunazisikia tangu chuoni. Msikiti ni mdogo, bustani ina mitende michache na paka wengi, na heroe walikuwa bado wamesimama ziwani, wekundu wao ukionekana tangu barabarani. Hakuna cha kununua pale, na ni vizuri hivyo.

Jumanne, Kornos na Lefkara

Kornos ni kijiji kidogo kando ya barabara kuu ya kwenda Nicosia, na wafinyanzi wake tangu zamani ni wanawake. Udongo wao ni mwekundu, hawaupaki rangi ya kung'aa, na gurudumu ni la chini, huzungushwa taratibu huku fundi akiongeza kamba za udongo na kuzipandisha kwa vidole. Sufuria za kiwandani zimewapunguzia sana soko, lakini kuna vyungu ambavyo bado vinatakiwa kwa sababu ya chakula chenyewe. Mfano ni chungu cha tava. Ndani yake hupangwa nyama ya kondoo, mchele, nyanya, vitunguu na bizari nyembamba, kikafunikwa na kuachwa kwenye tanuri kwa masaa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini chungu hicho hakijafa: watu bado wanakila kilichomo.

Mama aliyetuuzia alikigonga kwa kifundo cha kidole tusikie mlio. Kikilia wazi ni kizima, kikilia kwa kukwaruza kina ufa. Mimi nilikuwa ninalijua hilo, ila nilimwacha anifundishe. Wifi alichukua kimoja cha kupikia, mimi nikachukua gudulia la maji, tukavizungushia nguo zetu ndani ya sanduku.

Lefkara iko juu, kwenye miteremko ya chini ya milima ya Troodos, na barabara inapanda kwa kona. Nyumba ni za mawe, mapaa ya vigae, milango ya buluu na kijani. Nyingi ni kubwa kuliko unavyotarajia kijijini, na sababu yake ni hiki kitani. Wanawake walikuwa wakishona, na wanaume wa kijiji, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, walikuwa wakifunga vitambaa kwenye masanduku na kuvipeleka Ulaya mlango kwa mlango, wengine mpaka Skandinavia na Marekani. Faida ikarudi ikajenga ghorofa. Nakumbuka kwetu pia kofia zilisafiri na mabaharia mpaka Visiwa vya Ngazija na Omani, ila sijui nyumba ya mshonaji iliyojengwa kwa kofia.

Kwenye vichochoro kina mama wamekaa kwenye viti vya nyasi, ubavu umeelekea mlangoni, mto mdogo umewekwa mapajani na kitani kimepigwa pini juu yake. Wengine wanakuita uingie dukani, wengine hawainui macho. Tuliwaacha walioita tukasimama kwa mmoja ambaye alikuwa kimya. Ni mtu mzima sana, amevaa nyeusi, miwani imeshuka puani. Binti yake alikuwa ndani akijua Kiingereza, akawa mkalimani.

Nilimwomba anioneshe kazi inavyoanza. Kwanza hakuna mchoro. Sisi kwenye kofia tunachora nakshi kabla ya kushona, au tunaitoa kwenye kofia ya zamani. Yeye anahesabu nyuzi za kitani. Anahesabu, anakata baadhi, anazivuta zitoke, na panapobaki wazi anapazungushia uzi ili pasifumuke, kisha anajaza ule uwazi kwa sindano mpaka unakuwa nyota, au ua, au vipembe vinavyofuatana. Nakshi yao kubwa inaitwa potamos, yaani mto wa maji: mistari ya kwenda upande na kurudi, juu na chini, kwenye urefu wote wa kitambaa. Ukikosea hesabu ya nyuzi mwanzoni, mto hautakutana kwenye kona. Hakuna kurekebisha, kwa kuwa uzi uliokatwa umekatwa.

Kitani chenyewe si cha Kupro. Kwa miaka mingi kimekuwa kikiagizwa kutoka Ireland, na uzi kutoka Ufaransa. Wifi alishangaa: basi cha hapa ni kipi? Yule mama akainua mikono yote miwili bila kusubiri tafsiri iishe. Kweli, hata kanga zetu hatukuwahi kulima pamba yake yote, wala bafta ya kofia haikufumwa Unguja.

Wanasimulia pia kwamba Leonardo da Vinci alipita hapa mwaka 1481 akanunua kitambaa cha madhabahu ya kanisa kuu la Milano, na nakshi moja wanaiita kwa jina lake. Kila duka lina hadithi hiyo ukutani. Mimi haikunishika sana. Mama aliyekaa mbele yangu akishona alinitosha kuliko bwana mkubwa aliyepita zaidi ya miaka 500 nyuma.

Nilikuwa na kofia kwenye begi, ya viua, nimeichukua kwa ajili ya kijana wetu anayesoma Nicosia. Niliitoa nikampa. Hakutazama nakshi ya nje kabisa. Aliigeuza ndani nje, akavua miwani, akaileta karibu na jicho, akapitisha ukucha kwenye mstari wa vishimo. Akauliza ni muda gani. Nikamwambia hii moja ilimchukua mshonaji wa Wete zaidi ya miezi mitatu, akishona baada ya kazi za nyumbani. Akauliza imeuzwa kiasi gani. Nikamwambia, na binti yake alipotafsiri, wakatazamana, mama akatikisa kichwa akasema maneno ambayo binti hakuyafasiri.

Kisha akanifundisha kukagua kazi yao kama alivyokagua yangu. Cha kweli cha Lefkara, nyuma yake karibu ni sawa na mbele. Hakuna fundo. Uzi unaanza na kuishia ndani ya mshono. Kitani ni kizito mkononi na cha baridi. Na katika maua mia utaona moja limejikunja kidogo, kwa sababu jioni ile jicho lilichoka. Wifi alikuwa anasikiliza kimya, na nilijua anakifikiria kitambaa chake cha Finikoudes, lakini hakukitaja na mimi sikukitaja.

Alikuwa na kitambaa kirefu cha katikati ya meza, cha potamos, euro 380. Wifi ni mtu wa soko la Darajani, hawezi kusikia bei akanyamaza. Akasema 250. Binti akatabasamu, mama akaendelea kushona. Nikamvuta wifi pembeni nikamwambia hesabu: kazi ile ni ya msimu mzima wa baridi, kila alasiri, ukiigawa siku kwa siku haifiki hata ujira wa kufagia hoteli. "Mtu ukimpunguzia hapo, wifi, unamwambia saa zake hazikuhesabika."

"Basi mbona wewe mikeka unapunguza bei?"

"Napunguza changu mimi muuzaji. Cha aliyesuka sikigusi."

Alilipa 380. Hakununa. Kusema kweli aliibeba ile bahasha kifuani mpaka hotelini.

Jumatano, Lefkara

Tulilala kijijini, na hili ninamshauri kila atakayekuja. Mabasi ya watalii hufika kati ya saa nne na saa nane mchana, na wakati huo kila mtu ana haraka. Asubuhi mapema na jioni vichochoro ni vya wenyewe, na mtu ana nafasi ya kukueleza.

Lefkara pia ni kijiji cha masonara wa fedha. Kazi yao ni ya nyuzi nyembamba za fedha zilizosokotwa na kukunjwa mpaka zikawa maua, na vyombo viwili vinavyokaa mbele katika kila kabati la kioo vilinisimamisha: mrashi na chetezo. Mrashi wenye shingo ndefu na kichwa cha matundu, wa kunyunyizia marashi ya waridi, umbo lile lile lililo kwenye kabati la bibi yangu. Huku hutumiwa harusini na kanisani. Chetezo chao wanakifukiza kwa majani ya mzeituni yaliyokaushwa, wakikizungusha juu ya kichwa cha mtu ili kumwondolea jicho baya. Sonara alikifukiza tuone, moshi ukapanda, wifi akainamisha kichwa bila kuambiwa. Sisi ubani na udi, wao mzeituni. Niliuliza bei ya mrashi. Haikuwa ya mfuko wangu, nikachukua pini ndogo ya nyuzi za fedha, yenye muhuri unaoonesha kiwango cha fedha yake. Ulizeni muhuri huo, kwa sababu pini za bati lililopakwa zipo pia.

Kwenye jumba la makumbusho la kijiji, nyumba ya zamani ya familia ya Patsalos, wameweka vitambaa vya mahari. Binti wa Lefkara alianza kushona vya kwake angali mtoto, na siku ya harusi vilitandikwa watu waje watazame. Nilikaa mbele ya shuka moja kwa muda mrefu. Pembezoni kuna nakshi saba tofauti, na kona moja imeachwa bila kujazwa. Sikujua kama ni kwa makusudi au kama harusi ilifika kabla ya sindano kumaliza.

Kabla ya kuondoka tulirudi kwa mama yule. Niliweka oda. Sikutaka kitambaa cha meza. Nilitaka kipande cha upana wa kiganja, chenye hatua zote za potamos, kuanzia nyuzi zilizovutwa tu mpaka nakshi iliyokamilika, ili wanawake wanaonishonea waone njia yake. Binti alisema hajawahi kuombwa kitu kama hicho, kazi iliyoachwa nusu. Mama alifikiri kidogo, akaniomba karatasi, akachora mraba na kuugawa. Bei akasema ataipanga baadaye, akishajua muda utakaomchukua. Nilimwachia ile kofia. Kijana wetu wa Nicosia ataletewa nyingine.

Alhamisi, Geroskipou na Fyti

Njia ya magharibi ni ndefu, inapita Limassol na bahari iko kushoto. Tulisimama mara moja kununua asali nyeusi ya karobu, tunda la mti lililo kama ganda la kunde, ambalo zamani lilikuwa zao kubwa la kusafirishwa nje ya Kupro mpaka likaitwa dhahabu nyeusi. Tamu, nzito, ina uchungu kwa mbali. Nilinunua chupa mbili.

Geroskipou, jirani na Paphos, ni kwa lokumu. Lokumu ya hapa inalindwa kwa sheria ya Ulaya tangu 2007, kwa hiyo jina hilo halipachikwi kwenye lokumu iliyotengenezwa penginepo. Tulichungulia jikoni kwenye duka moja: sukari, maji na wanga wa mahindi kwenye sufuria kubwa ya shaba, unakorogwa bila kuachwa mpaka uzito uje, ndipo hutiwa waridi au limau la bergamoti na lozi, ukamwagwa kwenye trei za mbao zilizonyunyizwa unga. Mtu aliyekua na halua ya Zanzibari hahitaji kuelezwa kwa nini mkorogaji hawezi kuondoka pale hata kwa dakika moja. Wifi alinunua maboksi ya zawadi kwa ofisi nzima. Karibu nayo waliuza nyuzi ndefu za kahawia zilizoning'inizwa kama mishumaa. Ni lozi zilizotungwa kwenye uzi na kuchovywa mara nyingi ndani ya maji ya zabibu yaliyopikwa na unga. Hayana kileo, nimeuliza.

Nje ya duka kulikuwa na vikapu, na pia sinia bapa za mabua ya ngano yaliyotiwa rangi, yamezungushwa na kushonwa kutoka katikati kwenda nje. Nikazishika moja moja. Msuko ni wa kuzungusha, si wa kusuka shupatu kama wetu, na kwa hiyo hauna mshono wa kuunganisha. Niliichukua yenye zambarau.

Fyti ni mbali kidogo, milimani, na tulifika jua likishuka. Wanafuma pale. Kitambaa cha pamba cheupe au cha rangi ya maziwa, na juu yake nakshi za pembe nyekundu, buluu, kijani na manjano zinazochomoza ukizipapasa. Kitanda cha mfumi kinajaza chumba. Mama aliyekuwepo alifuma vidole viwili hivi mbele yetu, kisha akasimama akanyoosha mgongo. Akasema kijijini wamebaki wachache mno wanaojua kufunga kitanda kuanzia mwanzo, na kwamba kufuma si kugumu, kugumu ni kule kukifunga. Nilinunua kipande cha kuning'iniza ukutani. Sikuuliza bei mara mbili.

Ijumaa, Nicosia

Kutwa karibu nzima ilikuwa barabara. Tulipofika tulikwenda kwenye kituo cha kazi za mikono cha serikali, nje ya mji wa kale. Huenda ni pahala pasipo na mvuto kwa mtalii, jengo tu na karakana. Lakini hapa ndipo nilipata jibu la swali langu kubwa. Mwaka 1974 kisiwa kiligawanyika, na Wagiriki wa Kupro waliokuwa kaskazini wakakimbilia kusini na kilichowezekana kubebwa. Miongoni mwao kulikuwa na wafumaji wa Lefkoniko na wafumaji wa hariri wa Lapithos. Vitanda vya kufumia havibebeki. Kituo kikawapa vitanda vingine na ujira, wakafundisha wengine, na nakshi za vijiji vilivyobaki upande wa pili zikaendelea kutoka hapa. Bei zimeandikwa, hakuna kuvutana, na kila kitu kina jina la nakshi na mahali ilipotoka.

Nilisimama muda mrefu zaidi mbele ya hiyo karatasi yenye jina la kijiji kuliko mbele ya vitambaa. Hilo ndilo ninalolitaka kwa kofia zetu: jina la mji, na aina ya nakshi, na ikiwezekana mshonaji. Haihitaji fedha nyingi. Inahitaji muuzaji akubali kuyaandika.

Jioni kijana wetu alikuja hotelini. Nilimweleza kofia yake iko Lefkara. Akasema, "Shangazi, kwa hiyo mimi ndiye wa kwanza ukoo mzima kuwa na kofia kwenye kijiji cha UNESCO," akala lokumu nusu boksi.

Jumamosi, Nicosia, pande zote mbili

Mji wa kale umezungukwa na kuta za Waveneti, duara lenye ngome ndogo 11, na katikati unapitiwa na mstari unaolindwa na Umoja wa Mataifa, kusini kwa Wagiriki wa Kupro, kaskazini kwa Waturuki wa Kupro. Kwenye barabara ya Ledra kivuko kilifunguliwa 2008. Unaonesha pasipoti upande mmoja, unatembea hatua chache kati ya maduka yaliyofungwa, unaionesha tena, na adhana inaanza kusikika. Upande huo wa kaskazini euro wanaipokea, ijapokuwa fedha yao ni lira ya Uturuki. Kabla ya kununua upande huo fahamu kwamba forodha ya kurudi ina kiwango cha thamani ya bidhaa unazoweza kuvusha, basi weka risiti.

Büyük Han ni nyumba ya wasafiri na wafanyabiashara iliyojengwa na Waturuki wa Othmani mwaka 1572. Ghorofa mbili za mawe zimezunguka ua, na katikati ya ua umesimama msikiti mdogo juu ya nguzo, chini yake bomba la kutawadhia. Vyumba walimolala wasafiri sasa ni vijiduka vya mafundi. Kuna anayetengeneza picha kwa kokuni za nondo wa hariri zilizokatwa vipande, kuna wa ngozi, kuna wa vikaragosi vya kivuli.

Ghorofani, kwenye chumba cha kona, mwanamke wa umri wangu alikuwa na mto mapajani na kitani kimepigwa pini. Nilisimama mlangoni. Ilikuwa nakshi ya potamos, ile ile, kwenda upande na kurudi. Akaniambia ni kazi ya Lefkara. Mama yake alizaliwa kule, kwa sababu kijiji kilikuwa na Wagiriki na Waturuki pamoja, na baada ya 1974 Waturuki wakahamia kaskazini. Mama akashika sindano, binti akajifunza kwa mama. Hajawahi kujifunza kwa mtu mwingine.

Nilimwomba anioneshe nyuma ya kitambaa. Safi, bila fundo. Nilitoa simu nikamwonesha picha za mama wa Lefkara akiwa kwenye kiti chake, na binti yake mlangoni, na ile milango ya buluu. Alizikuza kwa vidole, akawa anatafuta kitu nyuma ya kile kiti. Akauliza kama kanisa liko juu ya kichochoro au chini. Nikamwambia juu. Akanirudishia simu, akarudi kwenye mshono wake.

Wifi alinunua vitambaa viwili vidogo vya chini ya vikombe, bila kusema neno kuhusu bei. Tulipokuwa tunashuka ngazi akaniambia atavitia kwenye fremu moja na kile kirefu cha Lefkara, na kile cha euro 15 kitabaki jikoni.

Jumapili, uwanja wa ndege wa Larnaca

Kodi ya mauzo Kupro ni asilimia 19, na mnunuzi anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kurudishiwa kwa vitu alivyonunua kwenye maduka yaliyo ndani ya utaratibu huo. Uombe fomu pale pale dukani, na uwanja wa ndege upeleke fomu pamoja na vitu vyenyewe kabla hujakabidhi sanduku. Kina mama wa vichochoroni hawana fomu hizo. Chungu cha Kornos tulikibeba mkononi. Jibini la halloumi, lililopata ulinzi wa jina barani Ulaya mwaka 2021, wifi alilifungia kwenye sanduku lake na barafu.

Nikiwa kwenye foleni ujumbe uliingia kutoka kwa binti wa Lefkara, na picha ya kitani kilichokatwa kiganja kwa kiganja, nyuzi za upande mmoja zimeshavutwa. Mama amekadiria euro 120, na anataka ajue kama wanawake wangu wanatumia mkono wa kulia au wa kushoto, kwa kuwa atashona nusu moja kwa kila mkono. Kazi itakuwa tayari baada ya mavuno ya zeituni, na wifi ataipitia. Nimemjibu kwamba wengi ni wa kulia, wawili ni wa kushoto, na kwamba bei nimeikubali.